Kompyuta Inapokawia Kujibu: Kadi ya Mtandao na Kiendeshi Chake



Makala haya yanahusu hitilafu moja ndogo ya kompyuta ambayo, katika chama kimoja cha msingi, ilikaribia kumfanya karani mwaminifu aitwe mwizi. Jina la chama silitaji, kwa kuwa jambo lenyewe laweza kutokea katika chama chochote chenye kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, wala si fundi wa mitambo. Niliyoyaandika hapa niliyajifunza kwa kulazimika, nikiwa nimeketi ghalani siku tatu nikitafuta kilo ambazo hazikuwapo.

Chama hicho hununua kahawa ya maganda kwa wanachama wake. Karani wa mizani hukaa ghalani na kompyuta yake. Leja ya wanachama imo katika kompyuta nyingine iliyoko ofisini kwa Katibu, mwendo wa hatua kama arobaini. Mwanachama akiisha kupimiwa, karani humpa stakabadhi ya mizani yenye namba, iliyoandikwa kwa mkono, kisha huingiza jina na kilo katika kompyuta na kubofya pa kuhifadhi. Kumbukumbu hiyo husafiri kwa waya hadi kwenye leja, na jibu hurudi kwamba imepokelewa. Hapo ndipo mwanachama huambiwa aende zake.

Katikati ya msimu jibu hilo lilianza kukawia. Mara lilikuja papo hapo, mara karani alingoja hata akakata tamaa. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama dirishani kwa muda alimwambia, "Mwanangu, zamani tuliandikiwa kwa kalamu tukaondoka. Hicho chombo chako kinawaza nini?" Karani akamjibu, "Nivumilie, mzee wangu, mtandao umelala." Kumbe alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua mwenyewe.

Msimu ulipokwisha, leja ilionyesha kilo 1,146 zaidi ya zile zilizokuwamo katika stakabadhi za mizani. Mizigo 17 ilikuwa imeandikwa mara mbili, na baadhi ya wanachama waliohusika walikuwa wamekwisha kulipwa. Nakiri kwamba katika taarifa yangu ya kwanza niliandika maneno "uzembe au hila ya karani", na Bodi ya chama, ikiyategemea maneno hayo, ilimsimamisha kazi.

Lililonitia shaka ni saa. Nilipoziorodhesha zile kumbukumbu 17 kwa wakati wake, niliona kwamba kila moja ilikuja baada ya kimya cha zaidi ya dakika kumi, yaani wakati ambapo hapakuwa na mtu mizanini. Hakuna hata moja iliyotokea asubuhi penye foleni. Tena, zile mbili za kila mzigo zilipishana kwa sekunde chache tu. Mwenye hila angependelea vurugu za asubuhi, ambapo hakuna wa kumwangalia. Basi nikarudi ghalani kuitazama kompyuta yenyewe.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya vyombo. Kila kompyuta inayounganishwa na nyingine huwa na kadi ya mtandao. Zamani ilikuwa kadi kweli, ya kuchomekwa. Siku hizi mara nyingi ni kipande kilichounganishwa moja kwa moja katika ubao mkuu wa kompyuta, na kinachoonekana nje ni tundu la waya tu. Habari inayotumwa hukatwa katika pakiti, kila pakiti ikibeba kwa kawaida baiti zisizozidi 1,500, na kadi huzigeuza pakiti hizo kuwa ishara za umeme zinazopita katika waya. Waya huingia katika swichi, na swichi huzielekeza pakiti kwenye kompyuta iliyokusudiwa.

Sasa, kadi hutengenezwa na kiwanda kimoja, na mfumo endeshi, kama vile Windows, hutengenezwa na wengine. Havifahamiani. Kati yao huwekwa programu ndogo iitwayo kiendeshi, ambayo mafundi wengi huiita draiva. Kazi yake ni ya mkalimani: huipokea amri ya mfumo endeshi na kuiambia kadi kwa lugha ya kadi, kisha hurudisha majibu. Lakini mkalimani huyu ana mamlaka zaidi ya kutafsiri. Yeye ndiye anayeiruhusu kadi kupumzika ili kuokoa umeme. Ndiye anayesimamia mwendo ambao kadi itapatana na swichi. Na ndiye anayeamua kadi ikusanye pakiti ngapi kabla ya kubisha hodi kwa prosesa. Kiendeshi kikiwa kibovu, au kikiwa kizuri lakini kimepangwa vibaya, kadi nzima huonekana mbovu.

Lipo jambo jingine ambalo watu huchanganya, na kuchanganya huko kuligharimu chama fedha. Upana wa njia ni kitu kimoja na ukawiaji ni kitu kingine. Lori huchukua magunia 200 lakini huchelewa kuondoka. Baiskeli huchukua barua moja ikafika upesi. Kumbukumbu ya mzigo mmoja wa kahawa ni barua, si magunia 200. Bodi iliposikia kwamba mtandao ni mzito ilinunua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, na hali haikubadilika hata kidogo. Isingeweza kubadilika, kwa kuwa kumbukumbu zile hazikuwa zikienda kwenye intaneti hata mara moja. Zilikuwa zikitoka ghalani kwenda ofisini, ndani ya ua mmoja.

Ukawiaji hupimwa kwa muda wa kwenda na kurudi, na kipimo chake ni milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde. Ili Katibu ajue kipi ni kingi na kipi ni kidogo, afikiri hivi. Nuru ndani ya nyaya za kioo, kama zile zilizolazwa chini ya bahari hadi pwani ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2009, hupita kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo safari ya kilomita 10,000 kwenda na 10,000 kurudi huhitaji milisekunde 100. Pakiti inayotoka ghalani kwenda ofisini ikitumia milisekunde 2,000, haiwezekani kisingizio kikawa ni umbali.

Namna ya kupima si ngumu, na haihitaji fundi. Majina ya Kiingereza nayaandika kama yanavyoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Andika ipconfig, na katika majibu utaona namba ya kompyuta yako na, kwenye mstari wa Default Gateway, namba ya ruta. Kisha andika ping, acha nafasi, na uandike namba ya ruta au ya kompyuta yenye leja. Kompyuta itatuma pakiti nne ndogo, moja kila sekunde, na itaonyesha kila moja imechukua muda gani. Kwa waya ndani ya ofisi, jibu linalofaa ni chini ya milisekunde 1, au 1 hivi. Kwa mtandao usio na waya, milisekunde chache hadi kumi hivi ni kawaida. Ping zote zikiwa nzuri ndani ya ofisi lakini mbaya kwa namba iliyoko nje, basi lawama si ya kadi: huenda njia ya intaneti imejaa, kwa mfano simu ya mtu inapakia picha, na pakiti zako zimepanga foleni nyuma yake.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, wako mafundi wanaojaribu namba 127.0.0.1 na kusema kadi ni nzima. Namba hiyo ni kompyuta kujiuliza yenyewe. Pakiti hazifiki kwenye kadi kabisa, wala haithibitishi lolote juu yake. Ya pili, ukiona kompyuta nyingine haijibu ping kamwe, huenda kinga yake imepangwa isijibu, jambo ambalo ni la kawaida katika Windows. Pima ruta badala yake, au mwombe anayeijua kinga hiyo airuhusu kujibu.

Katika chama ninachokieleza, fundi aliitwa mara mbili. Mara zote mbili aliandika amri ya ping yenye nyongeza ya -t, ambayo huendelea bila kukoma mpaka isimamishwe, akaiacha nusu saa nzima. Majibu yote yalikuwa chini ya milisekunde 1. Akasema mtandao ni mzima, akapokea ujira wake na kuondoka. Wala simlaumu, kwa kuwa alichokiona kilikuwa kizima. Kosa lilikuwa katika kipimo chenyewe. Pakiti moja kila sekunde iliizuia kadi isipate nafasi ya kulala, na ugonjwa wake ulikuwa ni usingizi.

Siku ya tatu, yapata saa nane mchana, hapakuwa na mtu mizanini. Niliiacha kompyuta ya karani robo saa bila kuigusa, kisha nikatuma ping. Pakiti ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa baada ya zaidi ya milisekunde 2,000. Ya tatu na ya nne, chini ya 1. Nikangoja robo saa nyingine, na safari hii nikamwomba Katibu asimame mbele ya swichi na kuitazama taa ya tundu la ghalani. Nilipotuma, Katibu akapaza sauti: taa imezimika, imewaka tena. Maana yake ni kwamba kadi ilikuwa imelala na, ilipoamshwa, ilianza upya kupatana na swichi juu ya mwendo wa kutumia. Mapatano hayo huchukua sekunde kadhaa. Wakati huo karani amekwisha kubofya, haoni jibu, na mwanachama yuko dirishani, hubofya tena. Maombi yote mawili husubiri mlangoni, kadi huamka, na yote mawili huingia katika leja kama mizigo miwili.

Naongeza hapa kwamba pakiti ya kwanza baada ya kimya huweza kuchelewa kidogo hata pasipo ugonjwa, kwa sababu kompyuta huulizana anwani kwanza. Lakini kuchelewa huko ni kwa milisekunde chache. Mtu asitangaze hitilafu kwa sababu ya 3 au 5.

Kujua kwamba kadi hulala hakutoshi kujua nani anailaza. Inaweza kuwa kadi yenyewe, waya, swichi, au kiendeshi. Kanuni ninayoitumia ni ile ya ukaguzi wowote: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Tulibadilisha waya, usingizi ukabaki. Tulihamisha waya kwenye tundu jingine la swichi, ukabaki. Kisha tukafanya jaribio ambalo nalipendekeza kuliko yote. Kijana mmoja wa ofisini alikuwa na flashi yenye mfumo endeshi wa Linux, wa aina ile inayowashwa moja kwa moja kutoka katika flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Tuliiwasha kompyuta ya karani kwa flashi hiyo. Kadi ni ileile, waya uleule, swichi ileile. Aliyebadilika ni mkalimani tu. Tulingoja robo saa, tukatuma ping, na jibu la kwanza kabisa lilirudi upesi kama yaliyofuata. Tukarudia mara tatu. Hapo vyombo vyote vikawa vimesafishwa, akabaki kiendeshi cha Windows peke yake. Matokeo yangekuwa kinyume, yaani kuchelewa kungeendelea, tungekuwa na sababu ya kuishuku kadi, ingawa si kwa uhakika huohuo.

Kiendeshi hutazamwa hivi. Bofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Device Manager, ambayo ni orodha ya vifaa, kisha fungua sehemu iitwayo Network adapters na ubofye mara mbili jina la kadi. Chini ya Driver utaona tarehe na toleo la kiendeshi. Sisi tulikuta kiendeshi kilichobadilishwa na usasishaji wa Windows wenyewe, bila mtu yeyote kuombwa idhini, katika wiki ileile ambayo malalamiko ya wanachama yalianza. Tena, chini ya Power Management, kulikuwa na alama ya vema mbele ya maneno yanayoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Tuliiondoa alama hiyo. Tulingoja robo saa. Jibu la kwanza likaja chini ya milisekunde 1.

Katika ukurasa uitwao Advanced huweza kuwamo pia mipango mingine ya kuokoa umeme, kama Energy Efficient Ethernet au Green Ethernet. Wa kwanza ni kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2010, na ukitekelezwa sawasawa kadi huamka kwa sehemu za milioni za sekunde, hata hakuna binadamu anayeweza kutambua. Tatizo huja pale kiendeshi au swichi isipoutekeleza sawasawa. Katika kompyuta ya mizani, umeme unaookolewa ni mdogo mno kulinganishwa na hasara ya mzigo mmoja kuandikwa mara mbili, kwa hiyo mimi hushauri mipango hiyo izimwe. Kwenye baadhi ya kompyuta za mkononi ukurasa wa Power Management haupo. Hapo utafute mipango hii katika Advanced. Na baada ya kila usasishaji mkubwa, tazama tena, kwa kuwa alama ya vema huweza kurudi yenyewe.

Usingizi si ugonjwa pekee. Upo mwingine ambao nimeukuta katika ofisi zenye vyombo vya zamani, nao hutokana na mwendo uliolazimishwa. Kwa kawaida kadi na swichi huulizana na kupatana mwendo, na iwapo pande zote mbili zitatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Lakini katika ukurasa wa Advanced kuna mahali paitwapo Speed & Duplex, na baadhi ya mafundi hupenda kuweka hapo mwendo wa megabiti 100 kwa pande mbili, wakidhani wanasaidia. Kadi iliyolazimishwa hivyo huacha kujibu maswali ya mapatano. Swichi huutambua mwendo kwa kuzisikiliza ishara, lakini haiwezi kutambua kama mwenzake anatuma na kupokea kwa pamoja. Kwa kanuni, hulazimika kuchukulia kwamba hapana. Basi upande mmoja huzungumza wakati wowote upendao, na upande wa pili kila unaposikia mwenzake akizungumza huhesabu kwamba wamegongana na kukata maneno. Dalili yake ni ya kupotosha: ping ndogo hupita vizuri, na faili kubwa hutambaa. Pakiti iliyopotea hutumwa tena baada ya kungoja, na kila inapopotea tena kungoja huongezeka maradufu. Dawa ni kurudisha mpangilio kwenye Auto Negotiation, pande zote mbili. Kwa mwendo wa gigabiti juu ya waya wa shaba, mapatano hayo ni ya lazima kwa mujibu wa kanuni yenyewe.

Kwa mtandao usio na waya nitasema machache. Ruta hutoa tangazo, kwa kawaida karibu mara kumi kwa sekunde, na kadi inayookoa umeme hulala kati ya tangazo na tangazo, ikiamka kuuliza kama kuna pakiti zake. Ukiona ping za ruta zikipandashuka bila mpango, mara 3, mara 90, mara 200, hali kompyuta iko karibu na ruta, anza kwa kuzima uokoaji umeme wa kadi. Ukiona zinaruka kila baada ya muda ulio sawa, huenda kiendeshi kinaiacha kazi ili kutafuta mitandao mingine iliyo jirani. Lakini leja ya wanachama isitegemee mtandao usio na waya pale waya unapowezekana. Hilo naliandika katika taarifa zangu zote.

Kuna pia kiendeshi kinachomng'ang'ania prosesa. Hapo si mtandao peke yake unaochelewa: kipanya husitasita na sauti hukatikakatika. Dalili hizi zikitokea pamoja, kiendeshi fulani ndani ya kompyuta kinashukiwa, pengine cha mtandao, pengine cha kitu kingine kabisa, na ni kazi ya fundi.

Sasa namna ya kubadilisha kiendeshi, na hapa ndipo vyama vingi hujiumiza. Ikiwa hitilafu ilianza baada ya usasishaji, jaribu kwanza Roll Back Driver, katika ukurasa uleule wa Driver; hurudisha kiendeshi kilichokuwapo kabla. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, maana yake cha zamani hakikuhifadhiwa, na itabidi utafute kingine. Kabla ya kukitafuta ijue kadi yako kwa namba, si kwa rangi wala kwa jina la kompyuta. Katika Device Manager fungua Details, chagua Hardware Ids, na utaona mstari wenye VEN na DEV. VEN ni mtengenezaji wa kadi, DEV ni aina ya kadi. Kwa mfano VEN_8086 ni Intel, na VEN_10EC ni Realtek. Andika mstari wote katika daftari.

Kisha pakua kiendeshi kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, au wa kadi, na si kwingineko. Zipo programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia viendeshi vyote bure. Nyingi huleta takataka, na baadhi huleta virusi. Kiweke kiendeshi kipya katika flashi kabla hujakiondoa cha zamani. Nasisitiza maneno haya kwa sababu nimewahi kufika katika chama kingine siku ya malipo nikakuta Katibu amekwisha kukifuta kiendeshi cha zamani asubuhi ile. Kompyuta isiyo na kiendeshi haina mtandao, na isiyo na mtandao haiwezi kupakua kiendeshi. Wanachama waliokuwa wametembea tangu alfajiri walirudi kwao mikono mitupu mpaka siku ya pili. Kazi ya namna hii ifanyike siku isiyo ya malipo wala ya mizani, nakala ya leja ikiwa imehifadhiwa nje ya kompyuta.

Kwa kompyuta za zamani huenda pasipatikane kiendeshi kipya. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na vyama vingi bado vinaitumia. Ikiwa kadi iliyomo ndani haina kiendeshi kinachokubaliana na mfumo mpya, si lazima kununua kompyuta nyingine. Kadi ya kuchomeka, au adapta ya kuchomekwa kwenye tundu la flashi, hutosha. Ila adapta hizo nazo hulazwa na kompyuta, kwa hiyo alama ya vema itazamwe huko pia.

Kila ofisi yenye kompyuta iwe na daftari moja dogo lenye jina la kompyuta, namba za kadi, tarehe na toleo la kiendeshi, siku kilipobadilishwa, aliyekibadilisha, na majibu ya ping ya kwanza baada ya robo saa ya kimya. Mkaguzi atakapofika atalitaka daftari hilo pamoja na lile la fedha.

Lakini mimi kama mkaguzi siwezi kuikubali leja ambayo usahihi wake unategemea kadi isilale. Kiendeshi kitabadilika tena, bila idhini ya mtu. Kosa la ndani zaidi lilikuwa katika programu ya leja, ambayo iliukubali mzigo uleule mara mbili bila kuuliza. Stakabadhi ya mizani ilikuwa na namba, na namba hiyo haikuwa ikiingizwa katika kompyuta. Tuliwaandikia waliotengeneza programu, nao wakaongeza mahali pa namba ya stakabadhi na amri kwamba namba iliyokwisha kutumika ikataliwe. Sasa karani akibofya mara mbili, ombi la pili hurudishwa. Vyama vinavyonunua programu mpya viliweke sharti hili katika mkataba kabla ya kutia sahihi. Na mpaka litakapotekelezwa, karani asibofye tena kabla hajafungua orodha ya mizigo ya siku na kuona kama wa mwisho umeingia.

Kati ya kumbukumbu zile 17, kumi na moja zilifutwa kabla ya malipo. Sita zilikuwa zimelipwa. Wanachama wanne walirudisha fedha walipoonyeshwa stakabadhi zao, na wawili walikubali kukatwa katika msimu uliofuata. Karani alirudishwa mizanini pamoja na mshahara wa siku alizosimamishwa. Taarifa yangu ya kwanza niliitengua kwa barua, ambayo Mwenyekiti aliisoma mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, na nakala yake imo katika jalada la chama.